Mpagazi na Mchuuzi: Wazee Wetu katika Njia ya Bara



Kamati ya ukoo imeniomba niandike kurasa chache za historia kwa ajili ya kijitabu cha mkutano wetu wa safari hii, hapa Hopkins. Nimekubali kwa furaha, tena kwa sababu maalumu. Katika kijitabu hiki umo mti wa nasaba yetu, na chini ya jina la kila mzee imeachwa nafasi ya kuandika kazi aliyoifanya. Chini ya jina la babu mzaa babu yetu, yule tunayemhesabu kuwa shina la ukoo, rasimu ya kwanza ilisomeka "mfanyabiashara". Wazee wa Tabora walijibu kwamba sivyo. Mzee alikuwa mpagazi. Baadhi ya vijana wa huku ng'ambo wakasema neno hilo lisichapwe, kwa kuwa wenzao watadhani tumetoka katika ukoo wa watumwa. Naye mmoja wa vijana hao akauliza swali zito kuliko yote: je, mzee wetu hakuwa mmoja wa waliouza watumwa?

Maswali haya ni ya haki, na hayafai kujibiwa kwa hasira wala kwa haya. Yafaa kwanza tuelewe kazi yenyewe ilikuwaje: safari za misafara kati ya pwani na bara, maisha ya makambini, na biashara ya masoko ya njiani iliyowalisha wasafiri wale. Tukiisha kuelewa, ndipo tuamue neno la kuandika.

Njia na wenye njia

Vitabu vingi vya zamani huanza habari za njia hii kwa safari za Wazungu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, ambayo ni sehemu ya Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka huohuo, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Stanley naye alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Lakini wote hao walipita katika njia iliyokwisha kukanyagwa, wakiongozwa na watu waliokuwa wakiijua kila kisima na kila mto.

Waliotangulia kuifungua njia ya kati walikuwa watu wa bara wenyewe, na hasa Wanyamwezi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga makazi yao Unyanyembe. Walikuwa wamekwisha kujifunza kazi hiyo katika biashara ya majirani: chumvi ya chemchemi za Uvinza, majembe ya wahunzi, nafaka na mifugo. Aliyekwisha kuzoea kutembea siku kumi kwa ajili ya chumvi hakuogopa kutembea miezi miwili au mitatu kwa ajili ya nguo.

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Msafara ulipanda milima ya Usagara, ukafika Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ukaingia Ugogo, kisha ukapita msitu mkavu wa Mgunda Mkali kabla ya kutokea Tura na hatimaye Unyanyembe. Hapo njia ziligawanyika: moja magharibi kwenda Uvinza na Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi kuelekea Katanga.

Ni muhimu vijana wafahamu kwamba mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa kwanza mkulima. Wengi walisafiri kiangazi na walipenda kurudi nyumbani kabla ya mvua ili walime. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa kuwa hajakomaa, na safari ilikuwa kama jando lake. Kwa hiyo wazee wetu hawakuchukua mizigo kwa sababu hawakuwa na kwao. Walikuwa na kwao, na walichukua mizigo ili wapate mahari, mbegu ya mifugo na heshima.

Mpangilio wa msafara

Msafara ulikuwa na utaratibu wake kama ofisi yoyote niliyowahi kuitumikia. Mbele alitangulia kirangozi, aliyevaa joho jekundu na kilemba cha manyoya, na ilikuwa mwiko mtu kumpita. Baada yake walifuata wachukuzi wa pembe, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi. Pembe kubwa ilikaa begani, na mara nyingine ilifungwa kengele ili mlio wake uwatie moyo walio nyuma. Pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, ikachukuliwa na watu wawili. Wakafuata wenye majora ya nguo, wenye magunia ya shanga na wenye masango ya waya. Nyuma walikuja wanawake, watoto, wagonjwa na wanyapara waliohakikisha kuwa hakuna anayebaki.

Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, mbali na mkeka wa mpagazi, chungu chake, silaha yake na chakula chake. Safari ilianza alfajiri na kwa kawaida ilikoma kabla jua halijawa kali. Palipokuwa hapana maji kambini, msafara ulifanya terekeza: waliondoka mchana wakiwa wamekwisha kunywa na kupika, wakatembea hadi usiku, wakalala bila maji, na kesho yake wakawahi kisima kilicho mbele. Terekeza ndiyo iliyowavusha Marenga Mkali na Mgunda Mkali, na ndiyo pia iliyowaua wengi waliokuwa dhaifu.

Chakula kilikuwa posho, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku. Tunaposema haba na haba hujaza kibaba, tunatumia kipimo hichohicho. Mara nyingi mpagazi hakupewa nafaka yenyewe bali nguo au shanga za kununulia chakula, na hapo ndipo soko lilipoingia katika maisha yake. Bei ya mtama ikipanda kijijini, tumbo lake lilijua kabla ya kiongozi wa msafara kujua. Wapagazi walijua pia kugoma. Posho ikipunguzwa au mwendo ukizidishwa kupita mapatano, waliweka mizigo chini wakakaa, na kiongozi mwenye akili alikuja kuzungumza. Asiyekuwa na akili aliamka asubuhi akakuta mizigo ipo na watu hawapo.

Huko Ugogo, ambako maji ni adimu, watemi walidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kuteka kwenye visima vyao. Mashauri yaliweza kuchukua siku kadhaa. Leo neno hongo maana yake ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa mwenye nchi, na waliokwisha kulipa walipita kwa amani. Nimetumikia serikali kwa miaka mingi, na sikuweza kuacha kuona kwamba maneno mengi ya ofisi zetu yametoka katika njia ile: posho, mnyapara, hongo, na hata safari yenyewe. Maneno ya wapagazi yameingia katika majalada ya wakubwa.

Soko la njiani

Msafara mkubwa uliweza kuwa na watu mamia kadhaa, na katika miaka ya mwisho ya karne ile makumi ya maelfu ya watu walipita njia ya kati kila mwaka. Hakuna mtu awezaye kubeba chakula cha miezi mitatu pamoja na mzigo wa tajiri. Kwa sababu hiyo, kila kambi ilizaa soko. Msafara ulipokaribia, kirangozi alipiga ngoma na baragumu likalia, na wanakijiji wakaja na mtama, mahindi, viazi, maharage, kuku, asali na pombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Vijiji vilivyokaa njiani vilipanua mashamba kwa ajili ya kuwauzia wasafiri, na Unyanyembe kwenyewe kulilimwa mpunga na ngano.

Fedha za masoko hayo zilikuwa nguo, shanga na waya. Nguo ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, na shuka mbili zilikuwa doti. Mkono wa mtu mrefu si sawa na wa mtu mfupi, na bila shaka ugomvi mwingi ulianzia hapo. Shanga zilikuwa na matatizo yake. Kila nchi ilikuwa na rangi na aina yake iliyopendwa, na shanga iliyonunua mbuzi mahali pamoja haikununua hata yai safari ya siku nne mbele. Ujiji, ambako soko lilikuwa la kila siku kando ya ziwa, shanga za sofi ndizo zilizokuwa sarafu. Mwenye nguo alikwenda kwanza kuibadili kwa sofi, ndipo akanunua samaki, mawese, chumvi na mboga kidogo kidogo.

Sasa nije kwenye jambo linalowahusu sana watoto wetu wa Minnesota. Nguo iliyopendwa kuliko zote bara iliitwa merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyotiwa rangi, imara, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na majimbo ya jirani, ikaletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alianza kazi Zanzibar mwaka 1837. Meli zilirudi Salem na pembe, sandarusi, ngozi na karafuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikawa haba, meli zikapungua, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua sehemu kubwa ya nafasi ya merikani. Hivyo vita vilivyopiganwa Virginia vilibadili bei ya mtama Ugogo. Mtoto wetu akiambiwa shuleni kwamba habari za Marekani na habari za kwao hazikukutana kabla ya ndege, na ajibu kwamba babu yake alilipwa kwa nguo ya Marekani.

Mpagazi naye hakuwa mchukuzi tu. Desturi ilimruhusu kubeba vitu vyake vidogo juu ya mzigo wa tajiri: majembe mawili ya kuuza Ugogo, mfuko wa chumvi ya Uvinza, ngozi, tumbaku. Aliporudi kutoka pwani alibeba shanga na nguo za ujira wake, akaziuza mahali penye bei nzuri. Kwa maana hiyo wale walioandika "mfanyabiashara" hawakusema uongo mtupu. Ila biashara yake ilikaa juu ya bega lake, wala hakuwa na mtu wa kumbebea.

Wanawake walikuwapo pia, ingawa picha za vitabu huwasahau. Wake wa wapagazi walitembea na waume zao, wakibeba vyungu, unga na watoto. Walitwanga, walipika, walitafuta kuni, na wengi waliuza chakula na pombe kambini kwa wale wasiokuwa na wake. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture kilichotoka mwaka 2006, ameeleza kwa urefu jinsi wapagazi wa Tanzania walivyokuwa watu wa kazi ya ujira wenye utamaduni wao, na jinsi wanawake walivyokuwa sehemu ya utamaduni huo. Nilipokisoma nilimkumbuka shangazi yetu mkubwa, ambaye alikuwa akisema kuwa bibi mzaa babu "aliuza unga kuanzia Tura hadi baharini". Tulidhani ni maneno ya kusifu. Kumbe yawezekana ilikuwa taarifa ya kazi.

Habari ya watumwa

Sitaki kuficha upande wa giza. Njia ileile iliyopitisha pembe ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo na makongwa. Katika misafara walikuwamo watumwa wa kuuzwa, na walikuwamo pia watumwa waliobeba mizigo kwa niaba ya mabwana wao wa pwani. Hata watemi na matajiri wa Unyamwezi walikuwa na watumwa, waliolima mashamba wakati vijana huru walipokuwa safarini. Anayesema kwamba Waarabu peke yao walihusika hasemi kweli yote, na anayesema kwamba kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa naye hasemi kweli.

Mahali ambapo soko na utumwa vilikutana kwa ubaya mkubwa ni Nyangwe, katika nchi ya Manyema, Kongo ya mashariki. Lilikuwa soko kubwa kando ya mto Lualaba, na wengi wa wauzaji walikuwa wanawake waliotoka vijiji vya pande zote wakiwa na samaki, vyungu, mihogo na kuku. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia bunduki katikati ya soko. Wengi walipigwa risasi na wengi walizama mtoni wakikimbia. Livingstone alikuwapo, akaandika hesabu aliyoipata kwa wafanyabiashara wenyewe ya kati ya watu 330 na 400 waliokufa. Taarifa yake iliongeza nguvu ya kudai kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar, ambalo lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873. Wanawake wale wa Nyangwe walikuwa wachuuzi kama bibi yetu, na hawakuwa na kosa.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha njia ya kati kwa UNESCO katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, nayo ikaitwa njia ya watumwa na pembe. Jina hilo ni la kweli, kwa kuwa waliouzwa wanastahili kukumbukwa. Lakini halitaji wale waliotembea kwa miguu yao na kwa mapatano yao, wakalipwa, wakagoma, wakaoa, wakarudi kulima. Jina hilo likiwa ndilo pekee watoto wetu wanalolisikia, si ajabu kwamba wanaona mlango mmoja tu: ama mzee alikuwa mtumwa, ama aliuza watumwa. Masimulizi ya ukoo wetu, kama wazee watatu wa matawi tofauti walivyoyaeleza, yanamtaja mtu aliyekwenda pwani na wenzake wa kijiji kimoja, akarudi na nguo ya mahari, akaenda tena pamoja na mkewe. Hiyo ni habari ya mpagazi huru.

Mwisho wa misafara

Wajerumani walipotawala, kazi ilibadilika. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898 iliwalazimisha watu kutafuta ujira hata wasipotaka, na serikali na jeshi lake vilihitaji wachukuzi bila kujali msimu wa kilimo. Kisha ikaja reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi moja lilibeba mizigo ya mamia ya watu, na kirangozi mwenye joho jekundu akabaki bila wa kumwongoza.

Haukupita muda, Vita Kuu ya 1914 vikawarudisha watu chini ya mizigo, safari hii kwa amri. Makumi ya maelfu ya wachukuzi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi pia, limetokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza. Leo Kariakoo ni jina la soko, na wanunuzi wengi hawajui kwamba wanatamka jina la wapagazi kila wanapokwenda kununua vitunguu. Nadhani aibu inayolizunguka neno mpagazi ilitoka hasa katika miaka hiyo ya kodi na kulazimishwa. Haikutoka katika siku za babu mzaa babu, wakati pembe begani ilikuwa fahari.

Mikokoteni ya Minnesota

Ndugu wanaotoka mbali kuja Hopkins wasidhani kwamba wamekuja katika nchi isiyojua misafara. Katika miaka ileile Burton na Speke walipokuwa Unyanyembe, misafara ya mikokoteni ya Red River ilikuwa ikiingia mji wa Saint Paul kila kiangazi kutoka Pembina na nchi ambayo leo ni Manitoba. Wenyewe walikuwa hasa Métis, watu wa asili ya Wahindi Wekundu na Wafaransa au Waskoti. Mikokoteni yao ilitengenezwa kwa mti mtupu bila chuma, ikavutwa na ng'ombe. Ekseli hazikupakwa mafuta, maana mafuta yangeshika vumbi, na kwa hiyo mlio wake ulisikika kutoka mbali sana. Walileta ngozi za nyati wa Marekani, manyoya na nyama iliyokaushwa na kupondwa; walirudi na chai, tumbaku, nguo na zana. Familia nzima zilisafiri pamoja. Reli ilipounganisha Saint Paul na bonde la Red River hadi mpakani mwaka 1878, biashara ile ikafa, kama njia yetu ilivyokufa miaka 34 baadaye reli ilipofika Tabora.

Hopkins yenyewe ilikua kwa kiwanda cha mashine za kupuria ngano kilichojengwa mwaka 1887. Ikawa kijiji kwa jina la West Minneapolis mwaka 1893, na ikaitwa Hopkins mwaka 1928. Walowezi wa Kicheki na wengineo walilima pembezoni matunda madogo mekundu mfano wa forsadi, rasiberi, wakayaleta mjini ili yapelekwe masokoni. Sherehe ya rasiberi ilianzishwa mwaka 1935, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, ili kuinua biashara ya mji, na inaendelea kila Julai. Siku ya Jumamosi wakati wa kiangazi, wakulima huja na magari yao katika soko la mji, wakapanga mboga, asali na maua, na mchana wakakunja meza. Mmoja wa mama zetu aliyetoka Tabora alilitazama soko hilo akasema: "Hili ni gulio." Hakukosea.

Magulio ya kwetu

Reli haikumaliza biashara ya miguu, iliihamisha. Waliokuwa wakiuza makambini walihamia vituo vya reli na magulio, yale masoko ya siku moja kwa juma ambayo watu wa bara huyaita pia minada. Babu yetu, mtoto wa mpagazi, alizunguka magulio ya Tabora kwa miguu, kisha kwa baiskeli, akiuza chumvi, sabuni na dagaa wa Kigoma. Shangazi zetu walizunguka kwa lori, leo kijiji hiki, kesho kile, wakilala juu ya marobota yao.

Nilipokuwa afisa biashara wa wilaya katika miaka ya 1980 niliyaona magulio kutoka upande wa pili wa meza, upande wa ushuru na vitabu vya risiti. Ilikuwa miaka ya uhaba. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya nguvukazi, ambayo kwayo mchuuzi mdogo aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Mimi mwenyewe nililipiwa ada ya shule na kapu la dagaa la shangazi yangu. Nilifahamu vyema kwamba mtu anayezunguka si lazima awe mzururaji, na kwamba nusu ya wilaya ingelala njaa kama wazungukaji wale wangekaa nyumbani. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ile, magulio yalijaa tena, na kati ya vitu vilivyorudi kwa wingi yalikuwa marobota ya mitumba, mengine kutoka Marekani. Merikani ikarudi bara kwa sura nyingine.

Pendekezo langu

Sasa nirejee kwenye mti wa nasaba. Naiomba kamati, na mkutano mzima utakapokaa, iandike chini ya jina la babu mzaa babu: "Mpagazi na mkulima, njia ya Bagamoyo hadi Unyanyembe." Neno mfanyabiashara linamfanya kuwa tajiri aliyekaa kivulini huku wengine wakibeba, na si haki kumvika joho lisilo lake. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Sisi vitukuu wake, na vilembwe wake waliozaliwa Hopkins, Leicester na Muskati, tusilikimbie jina la kazi yake kwa kuogopa kuitwa watumwa.

Naomba pia jambo la pili, ambalo halimo katika rasimu yoyote. Chini ya jina la bibi mzaa babu pameachwa wazi kabisa, kana kwamba hakufanya kazi. Na paandikwe: "Mchuuzi wa chakula makambini." Yeye ndiye aliyewalisha waliobeba pembe, na kutoka kwake ndiko tulikojifunza gulio.

La mwisho ni kwa vijana. Wako wazee wanne katika mkutano huu waliowahi kuishi na watoto wa wapagazi na kusikia habari zao kwa midomo yao. Majina ya makambi, bei za vitu, nyimbo za njiani, watani tuliowapata Uzaramo na Ugogo, yote hayo wanayo. Jumamosi mchana, baada ya chakula, wameahidi kukaa pamoja nanyi katika chumba kidogo cha ukumbi. Nendeni na kalamu na vinasa sauti, mwaulize kwa adabu, na muwape muda wa kunyamaza na kukumbuka.